Mishale ya Buluu

Kazi yangu manispaa ni kupaka mishale.
Si ya vita: ni ya buluu, kingo nyeupe,
imelala kwenye lami, ncha zikielekea mlimani.
Matairi huilamba. Kila Machi naanza upya
na ndoo mbili na brashi iliyochoka,
kuanzia soko la samaki hadi pale lami inapokoma
na mchanga wa jangwa unapoanza kupanda.

Iquique ni mji mwembamba. Ukiutazama kutoka juu
utasema mtu ameangusha mshipi wake
kati ya bahari na ukuta wa mchanga
akaenda zake bila kugeuka.

Mtaalamu alikuja shuleni na ramani.
Alisema huko chini bamba moja la mwamba
linajisukuma chini ya jingine,
kila mwaka upana wa vidole vinne.
Hapa kwetu limekwama. Haliendi. Lakini hesabu inaendelea.
Mama akaninong'oneza: kama dukani kwa Zoraida.
Zoraida hadai. Huandika tu daftarini.

Nilipima kwa miguu yangu.
Toka mlango wa mama hadi mstari
ambao maji hayatarajiwi kuuvuka, dakika kumi na mbili.
Pamoja na mama, magoti yake, fimbo yake,
na kusimama kila kona kumsema meya,
dakika thelathini na moja.
Wimbi, kwa makisio ya yule wa ramani,
kumi na nane, likiwa na adabu.
Zile kumi na tatu nilizibeba wiki nzima.
Nililala nazo. Niliamka nazo.

Ndipo Nivaldo wa jirani akaleta toroli la supamaketi,
usiulize amelipataje.
Tukatandika blanketi, tukampandisha mama,
sufuria kichwani kwa ajili ya vioo vinavyodondoka.
Bi Ismenia Choque, umri miaka themanini na mmoja,
alipanda mtaa akipunga mkono huku na huku
kama malkia aliyenyang'anywa nchi akaachiwa gari.
Mbwa watatu walitusindikiza. Dakika kumi na sita.
Mara ya pili, kumi na tano na nusu,
maana alikataa kumsalimu dada yake.

Ufukoni wanajenga ghorofa ishirini na mbili.
Bango linasema: VYUMBA VYOTE VINAITAZAMA BAHARI.
Ni kweli. Na bahari nayo
haina kazi mchana kutwa ila kuvitazama.
Mshale wangu mmoja unaanzia getini kwao.
Mlinzi aliniomba niusogeze, unatisha wanunuzi.
Nikaurefusha nusu mita.

Usiku mmoja wa Agosti ardhi ilitikisika.
Kwanza vijiko, halafu kabati, halafu nyumba yote
ikawa mdomo unaotafuna.
Hatukungoja king'ora. Ukishindwa kusimama wima,
hicho ndicho king'ora.
Umeme ulikatika. Rangi yangu ilidaka mwanga wa simu,
mshale, giza, mshale,
nami nasukuma, na mama anahesabu kwa sauti
kwa lugha ya Kiaymara ambayo sikujua bado anaikumbuka.

Juu tulikaa hadi alfajiri kwenye mchanga baridi,
umati mzima, tukisikiliza redio ya teksi.
Bahari ilipanda bandarini kimo cha goti,
ikapindua mashua mbili,
ikabeba viti vya mgahawa, ikarudi.

Wakati wa kushuka watu walianza kucheka.
Yote haya kwa ajili ya viti?
Nivaldo aliapa hataacha tena usingizi wake
kwa maji ya kuoshea miguu.
Redioni yule mtaalamu, sauti imekauka,
alisema tuliyoyaona si yale yanayosubiriwa.
Mwenye teksi akatafuta muziki.

Mama hakucheka. Alishuka torolini taratibu,
akavua sufuria, akaipangusa kwa kanga ya... hapana,
kwa pindo la sweta lake, akaloweka maharage.
"Gurudumu la kushoto linalia," alisema.
"Litie mafuta leo.
Na mtu asilitoe hapo mlangoni."