Karatasi ya Tisa, Mara Mbili

Kitabu cha risiti tulikipata chini ya kaunta,
duka la tairi la kaka yangu Sleyum, Ibra, njia ya kwendea Bidiya,
saa nane mchana, umeme umekatika,
hata nzi wamekaa kitako.
Karatasi nyeupe zimekwisha. Zimebaki za manjano,
nyembamba kama ganda la kitunguu,
ukilaza moja juu ya mwenzake
mstari wa chini unachungulia juu.
"Hiki hiki," nikamwambia Muhannad. "Lete penseli."

Tulianza na nukta. Nani asiyeanza na nukta?
Nukta pembeni, karatasi ya pili nukta, ya tatu nukta,
kila mara imesogea upana wa punje ya mchele.
Akakishika kwa kidole gumba, akaziachia
prrrr
nukta ikakimbia.
Akazifungua tena, moja moja,
kama mtu anayemsaka mwizi kabatini.
Kila karatasi, nukta imetulia tuli.
"Shangazi, sasa ile iliyokimbia iko wapi?"

Haipo, nikamwambia.
Baina ya karatasi na karatasi hamna kitu,
ni hewa na vumbi la mpira.
Jicho ndilo lisilovumilia pengo;
likiona hapa, kisha likaona pale,
linajishonea njia lenyewe
na kuapa kwamba limeiona.
Nenda falajini, kwenye kile kijiti cha kugawia maji:
kivuli kinatoka jiwe hili kinafika jiwe lile,
zamu ya mtu imekwisha, maji yanageuzwa,
na msimamizi, miaka thelathini anakikodolea,
hajakiona kikipiga hatua hata moja.

Mengine alijifunza kwa kufuta.
Kwamba picha zikikaribiana ni mwendo wa pole,
zikiachana ni mbio.
Kwamba mbuzi haruki mfereji kama hajachuchumaa kwanza,
na akitua lazima abonyee kidogo,
la sivyo ni mbuzi wa bati.
Kwamba mwili husimama
na pindo la kanzu bado liko njiani.

Kisha akasema, "Namchora baba."

Karatasi ishirini na nne, toka mlangoni hadi kwenye jeki.
Alipoziachia, mtu akatembea laini,
kama mafuta juu ya maji.
Muhannad akanuna. "Huyu si baba."
Nikanyamaza. Mwaka juzi tairi la lori lilipasuka
likaondoka na goti la Sleyum,
na nyumbani kwetu hatulitaji.
Akaenda kukaa kizingitini,
akamtazama baba yake akipita na spana,
akihesabu kwa vidole, midomo ikimchezacheza.
Akarudi. Akaichora karatasi ya tisa upya,
ile ile, mguu wa kushoto hewani,
akaipachika nyuma ya mwenzake.
Akaziachia.

Ndiye.
Ndiye hasa, pale mguu unapongoja ruhusa.
Picha moja iliyogoma kusogea
ndiyo iliyompa mtu mwendo wake.

Umeme ukarudi. Kompresa ikakohoa, feni ikajikokota.
Sleyum akaja akijifuta mikono kwa kitambaa cheusi kuliko mikono,
akakichukua kitabu, akaziachia, akacheka kicheko kikubwa:
"Mwana huyu! Hata kilema umekiiba!"
Akaziachia tena. Mara hii hakucheka.
Kisha akakigeuza, akaanzia mwisho,
akajiona anarudi kinyumenyume,
toka kwenye jeki, tisa, na tisa nyingine,
mpaka karatasi ya kwanza kabisa, mlangoni,
amesimama wima, miguu yote miwili chini,
hajaanza.

Hapo akaweka kidole gumba, na grisi yake.
Nje mteja akapiga honi.
"Nakuja," akasema kaka yangu,
na hakusogea.