Hesabu ya Kivule

Saa kumi na moja alfajiri, Kivule.
Nimepewa fomu za halmashauri, kalamu mbili,
na kazi moja: kuhesabu abiria.
Kijiti, kijiti, kijiti, kijiti, mkato.
Watano hao.

Tausi, mfagizi wa wodi, anapita bila kusimama:
"Mimi usiniandike, sipandi.
Nauli ya asubuhi ndiyo daftari la mwanangu."
Natafuta kwenye fomu safu ya miguu.
Hamna.

Ngwandu wa zege anacheka: "Niandike kwenda.
Kurudi ni majaliwa."

Swali la tisa linauliza
miaka ishirini ijayo utakuwa unasafiri kwenda wapi.
Mjamzito mmoja alilisoma mara mbili,
akashika tumbo.
"Muulize huyu. Mimi nawahi kliniki."
Nikaacha wazi.

Siku ya nne mvua ilikesha nasi,
Mto Mzinga ukaondoka na kivuko cha magogo.
Hadi kumi na moja na nusu karatasi yangu nyeupe,
kituo kizima mimi na mbwa.
Msimamizi akapiga simu, sauti bado ya kitandani:
"Andika sifuri, bwana. Mahitaji hakuna."

Nikateremka hadi ukingoni, viatu mkononi.
Ng'ambo, gizani, tochi za simu
zimejipanga mstari mrefu, hakuna inayosogea.
Moja ikanimulika usoni, ikakaa hapo.

Nikageuza fomu upande usio na maswali.
Kijiti, kijiti, kijiti, kijiti,
mkato.