Ujuzi Hauzeeki

Ujuzi hauzeeki, wamesema.
Waliosema hawakuukalia mezani miaka tisa
wakipiga mihuri, wakinywa chai ya saa nne,
huku ndege zikipita juu ya bati
na gilasi kabatini zikitetemeka.
Hauzeeki, sawa.
Lakini hushika kutu kama komeo la mlango wa uani:
lipo, linaonekana. Haya, livute.

Leo Kisauni, saa moja asubuhi,
nimekizunguka kindege cha viti vinne
nikipapasa bawa kama mnunuzi wa ng'ombe.
Mafuta nimeyachungulia, tairi nimezibonyeza,
na mrija wa kupimia kasi nimeuacha na kifuniko chake,
kitambaa chekundu kinaning'inia mbele ya macho yangu.
Thuwaiba kakitoa yeye, kakikunja,
kanitilia mfukoni mwa shati.
Hakusema neno.
Bora angesema.

Ana miaka ishirini na tisa, binti Shaame wa Wete.
Leseni yake ya kwanza ilipita mezani kwangu.
Muhuri ulikwenda upande, wino ukalilowesha jina lake,
nikamwambia hongera, mwanangu,
bila kuinua macho.
Sasa yeye ndiye mwalimu, na mimi ni
"Mzee Fakih, mguu wa kulia. Wa kulia!"

Juu ya Uzi, futi elfu tatu na mia tano,
mikoko chini imejisokota kama nywele za mtoto,
akasema: Punguza moto. Zaidi. Inua pua.
Kasi ikashuka, king'ora kikaanza kulia,
kiti kikatetemeka kama mwenye homa,
kisha bawa la kushoto likachoka kutubeba.
Nikavuta.
Mwili wangu wote ulivuta,
kama unavyomvuta mtoto barabarani.
"Sukuma," akasema, kwa sauti ya kuomba chumvi.
Sukuma? Na bahari imejaa kioo kizima?
"Sukuma, mzee."
Nikasukuma. Pua ikainama,
hewa ikarudi chini ya mabawa,
tukabebwa.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame:
nimewaambia wanangu miaka yote, wakitafuta viatu.
Sikujua cha juu nacho
kina mvungu wake.

Tukarudia mara sita. Kufika ya tano
shati langu lilikuwa la kukamua.

Wakati wa kurudi, mnara ukaniuliza mimi nani.
Nikajibu kwa nambari ya ndege nyingine,
ile niliyoirusha mwaka wa mwisho,
kabla ya miguu ya Salhina, kabla ya hospitali,
ndege ambayo leo ni masufuria ya watu.
Redioni kimya. Kisha mtu akakohoa:
"Rudia, tafadhali."
Nikarudia. Thuwaiba akatazama dirishani.

Kusi lilikuwa la ubavuni.
Tukaifuata njia moja-nane kwa mwendo wa kaa,
pua inatazama Mashariki, sisi tunakwenda Kusini,
mpaka mita za mwisho, nikanyoosha,
nikachelewa kidogo, tukagusa,
tukaruka, tukagusa, tukaruka tena,
mpaka lami ikatuhurumia.
"Tatu hizo," akasema. "Andika moja."

Kitabu changu cha saa za angani kina harufu ya mende.
Mstari wa mwisho na mstari wa leo
vimebanana, hapapiti hata unywele,
na miaka tisa yote imo humo.
Akatia sahihi. Ikalala upande, juu ya jina langu.
Akainua macho, akanitazama.
"Kesho saa moja."

Nyumbani, Salhina anakagua mifuko kabla ya kufua.
Akatoa kitambaa chekundu, kikavu kuliko shati.
"Na hiki?"

Sikumaliza chai.
Nikaiwasha Vespa, ikagoma, ikakubali,
nikaenda mbio Kisauni na jua linazama
kukivika kile kindege kifuniko chake,
nyigu wasije wakajenga usiku ndani ya mrija.
Mlinzi akanimulika tochi usoni.
"Umesahau kitu, mzee?"
Kimoja tu, nikamwambia,
nikapita.