Visiwa Vilivyokwenda Kuoga

Tunu amerudi kwa siku tisa,
na siku ya nne akasema: twende kwa miguu,
toka Laitihausi mpaka Ngomeni.
Nikamwambia jua. Akanambia,
"Kule niliko jua naliona kwenye kioo,
nami nikishakifuta natakiwa jikoni."

Tukanunua mihogo kwa Mishi Kombo,
ile inayopasuliwa tumbo
ikatiwa pilipili, chumvi na ndimu.
Gazeti lililoifunga lilikuwa la juzi,
habari zake zimekwisha kuloa.

Hapa ndipo tulipokuwa tukihesabu visiwa.
Mimi miaka saba, yeye kumi na mmoja,
na kosa letu lilikuwa moja:
meli zilizotia nanga nje ya mwamba
zikimngoja rubani
sisi tuliziita visiwa. Tulivipa majina.
Kisiwa cha Chumvi. Kisiwa cha Mjomba.
Kisiwa Kisicho na Mbu.
Ukija kesho yake, kisiwa hakipo,
na Tunu, mkubwa, mwenye majibu,
alisema kimekwenda kuoga.

Kigofu cha ngome ndogo kipo bado chini ya njia.
Chumvi inakila toka chini, mizizi toka juu,
na pale waliposimama wenye bunduki
mtu ameanika kaptula ya shule.
Tunu akasema, kaptula hiyo ndiyo iliyoshinda vita.
Nilicheka mpaka goti likanikumbusha umri.

Tukapita uwanja wa gofu, tukapita ukuta wa Ikulu;
askari akaitazama mihogo yetu
kwa macho ya mtu ambaye zamu yake ndiyo kwanza imeanza.
Tukapita hospitali.
Hapo sote wawili tuliitazama bahari,
tukaitazama sana,
mpaka dirisha la ghorofa ya juu likabaki nyuma.
Yeye hakuwepo siku ile. Alituma pesa za sanda,
na pesa zilifika kabla ya adhuhuri.
Sijawahi kumlaumu.
Nimewahi. Sijamwambia.

Ngome ina rangi ya bizari iliyosahauliwa juani.
Mwongozaji alikuwa akiwamwagia wageni miaka,
nani alimtoa nani, nani akarudi kumtoa,
nao wakiitikia kwa vichwa na kutafuta kivuli.
Sisi tulizunguka upande wa maji
kuutafuta ufa wetu.
Tulificha shilingi humo, utotoni,
tuje kuitumia tukishakuwa matajiri.
Tunu akapiga magoti, buibui na vumbi, akaingiza kidole.
Mjusi akatoka mwenyewe, amekasirika.
Kikafuata kizibo cha soda.
Shilingi hapana.

Mvulana aliyetoka kuogelea, maji yakimchuruzika,
akauliza tumepoteza nini.
"Visiwa," akasema Tunu, hata hakugeuka.
"Kisiwa si hiki?"
Akakanyaga chini mara mbili,
akaacha nyayo mbili za maji, akaenda zake
nasi hatujajua la kumjibu.
Nyayo zikakauka, wa kushoto kwanza.

Tunu akafungua pochi. Akatoa sarafu ya kule,
ndogo, nyeupe, yenye jambia.
"Hii hapa hainunui kitu," akasema,
akaisukuma ndani hata isionekane,
akarudisha kizibo juu yake.
Mjusi alikuwa pembeni, akingoja tumalize.

Nje, mbali, kulikuwa na meli nne.
"Vingapi?" akaniuliza.
"Vinne. Kile chenye tumbo jekundu kinageuka."
"Kinakwenda kuoga."
Ndege yake ni Jumatano.

Tukarudi kwa tuktuk, kwa ajili ya goti langu,
tukabishana na dereva njia nzima juu ya shilingi hamsini,
na tulipofika tukampa.