Hesabu ya Mandolini

Ukurasa wa kwanza wa daftari niliandika:
mandolini ya dukani, dola mia nane na tisini.
Chini yake: nilizonazo, sitini.
Nikapiga mstari taratibu,
kama afungaye mlango usiku wenye nyumba wasiamke.

Ukikosa la mama, hata la mbwa huamwa.
Kanisa la bondeni lilipofungwa
piano yao waliitupa nyuma, kwenye theluji,
panya wameila, meno yamelegea.
Mimi na Wendell tulikwenda na bisibisi mbili,
tukarudi na ubao wa kifua chake,
msonobari uliotetemeshwa na tenzi miaka mia.
Upande wa ndani, kwa penseli:
*Aug. Lindqvist. Machi 1911. Baridi.*
Neno moja tu la kulalamika.
Sikulipiga msasa.

Mbavu zilitoka kwenye ubao wa kichwani
wa kitanda alichozalia mama watoto watano.
Mepo. Baba alisema: chukua,
nani ataegemea hapo tena.
Niliupasua mwembamba kama sarafu mbili,
nikaulowesha, nikaukunja juu ya bomba la chuma
lenye moto tumboni, moto wa makaa ya mawe,
yaleyale yaliyomla mapafu.
Ubavu wa kwanza, ta! ukakatika.
Wa pili, ta!
Wa tatu nilikuwa nimechoka kugombana,
nikauvuta polepole huku nawaza mengine,
ukaja.

Jiliwa sina. Bomba la plastiki la maji
nililikata vipete thelathini, nikavipasua,
vikauma kingo kama kaa.
Gundi ya ngozi niliichemsha katika kopo la maharage,
nyumba ikanuka farasi siku nne.
Kizingiti cha nyuzi ni mfupa wa supu ya Jumapili,
nilimnyang'anya mbwa, hajanisamehe.
Daraja ni mguu wa kiti cha mjozi.
Vigingi vya mtumba, kimoja kimepinda.

Baba hakushika randa.
Mrija wa oksijeni ni mfupi, haufiki bandani.
Lakini kila jioni nilimpelekea ule ubao wa uso,
akaugonga kwa kifundo cha kidole, sikio karibu.
"Bado."
Nikarudi kuchonga. Maranda yakaanguka mepesi kama kucha.
"Bado."
Mwezi mzima alinipa neno hilo hilo,
na kwake kila neno hulipiwa pumzi.

Mgodini ndivyo alivyokuwa akigonga dari
kwa mpini wa sururu, kabla wenzake hawajaingia.
Dari nzima hulia kama chuma.
Mbovu hujibu kama ngoma,
na hapo mnarudi nyuma bila kuulizana.
Miaka ishirini na sita ya kusikiliza hivyo,
na mimi nilidhani kazi yake ilikuwa kuchimba.

Usiku mmoja aligonga mara mbili.
Akanyamaza. Akagonga tena, pembeni.
"Chini ya hii," akasema,
akavuta hewa,
"ningesimama."

Kabla sijafunika sanduku nilitafuta penseli.
Chini ya Lindqvist niliandika: Delphia Ratliff. Februari.
Nikawaza la kulalamikia.
Yalikuwa mengi, nafasi ilikuwa ndogo,
nikaacha, nikapaka gundi.

Freti, tisa. Vigingi, kumi na nane.
Bomba, nne. Gundi, sita. Vanishi, tano.
Kumi na nane zilizobaki
ziliingia kwenye tangi la gari, kwenda hospitali na kurudi,
safari mbili.
Nyuzi nane sikuziandika, ni za mkopo.

Nimezikaza jozi kwa jozi.
Hazilingani sawasawa, kila jozi ina unywele wa ubishi katikati,
na ule ubishi ndio unaong'aa.
Uzi mnene unakwaruza kwenye freti ya saba.
Mimi nausikia.
Wendell anasema hausikiki kabisa,
nisiufungue tena, nitaharibu.
Lakini Wendell ananidai dola saba,
na anataka nianze kupiga arusini.