Usawa wa Jicho

Miaka kumi na tisa nimechomelea nondo.
Mageti ya Isevya, madirisha ya Cheyo,
hata kizimba cha simba ni mkono wangu:
vidole vinne baina ya chuma na chuma.
Leo Injinia Kabula anakunjua ramani, ananiambia,
"Fundi Nkwabi, nataka ukuta usioonekana."

Nikacheka.
Ukuta usioonekana ninaoujua mimi ni deni.

Lakini tulichimba.
Upande wa simba ardhi iteremke polepole,
nyasi zishuke nayo kama ng'ombe waendao kunywa;
upande wa watu jiwe lisimame wima,
mita nne na nusu,
na utosi wake usichungulie juu ya majani.
Udongo mwekundu tukaumwaga nyuma, ukawa tuta,
tukapanda miche ya mininga,
na kule pembeni, mtambo usikofika,
minyaa.
Hiyo nilishauri mimi.
Bibi yangu kule Ndala alizungushia boma minyaa,
na sijasikia fahali aliyeijaribu mara mbili.

Novemba mvua ikaja kukagua kazi.
Handaki likajaa, vyura wakahamia na ngoma zao,
simba angevuka kwa kuogelea.
Tukarudi na mabomba, na matusi,
Kabula mwenyewe matope magotini.

Jioni ya mwisho nilimleta Nyamizi, miaka sita.
Nikamsimamisha njiani, nikapiga magoti
hadi jicho langu likalingana na lake.
Nikavuta kamba: jicho, ukingo, nyasi za mbali.
Kamba haikugusa jiwe.
"Baba," akasema, akanishika shati,
"ukuta umeusahau."

Siku ya kufungua, watu walirudi nyuma hatua tatu.
Bwana mmoja wa tumbaku, sauti kubwa,
akauliza kama kiingilio kinarudishwa.
Kabula akanitazama, hakusema kitu.
Mbele yetu nyasi, na nyasi, na mininga,
Tabora yote imelala wazi, haina mshono.

Kisha simba akatoka.
Hakuangalia miti, hakuangalia watu.
Akateremka moja kwa moja hadi kwenye jiwe,
akanusa pale nilipoziba ufa kwa kidole gumba,
akapanda tena taratibu, akalala,
akatupa mgongo.

Yeye hatukumficha kitu.