Herufi Sita

Fundi wa makaburi hapa Kintinku
anatoza kwa herufi: elfu mbili kila moja,
saruji juu yake, jina bure.
"Na cheo?" aliuliza, penseli sikioni.

Nilikuwa na daftari la mishahara,
mchwa wamelila pembeni:
Ndahani Mlewa, namba mia nne na kumi na mbili,
boi wa kuni.
Mwaka uliofuata, boi wa kuni.
Miaka kumi na tisa. Mwandiko wa karani ulibadilika mara tano,
boi hakubadilika.
Alipopata mjukuu wa kwanza, boi.

Lakini muulize Bibi Sechelela
nani alishusha treni kutoka Manyoni
usiku ule mvua ilipolainisha tuta.
Bwana Halden, dereva wa karatasini,
amelala tangu Itigi, kofia usoni.
Babu akaziacha kuni,
akashika breki kama ashikaye pembe za fahali mgeni zizini,
akivuta, akilegeza kidogo,
akisikiliza magurudumu yanavyolia konani,
hadi taa ya Saranda ikatokea,
ndogo, kama kiko mdomoni mwa mlinzi.
Abiria wakachungulia madirishani,
wakanunua mayai ya kuchemsha,
wakabishana bei ya chumvi.

Asubuhi Halden alimpa sigara mbili.
Hiyo ndiyo barua yake ya kupandishwa cheo.
Moja aliivuta.
Nyingine Bibi anayo bado, ndani ya kopo la maziwa,
imebaki karatasi na vumbi.

"Andika dereva," Bibi alisema.
Fundi akahesabu kwa vidole: sita. Elfu kumi na mbili.
Tukafungua fundo la khanga:
elfu kumi, na sarafu zisizofika popote.

"Herufi moja si kitu, mama. Nitawaongezea."
Bibi alitikisa kichwa.
"Walimlipa pungufu maisha yake yote.
Kaburini haandikwi kwa hisani."

Basi ukipita Kintinku mwezi huu,
ukauona msalaba mpya kando ya reli,
NDAHANI MLEWA, DEREV,
usimcheke fundi, anajua kusoma.
Tumeacha nafasi, upana wa vidole vitatu.
Mtama ukiuzwa
tutarudi na A.